Bawa la Kulia

Enzi zetu mtoto hakupewa kitu kizima. Kaptura ulirithi kwa mtoto wa jirani ikiwa na viraka viwili matakoni. Kitabu ulisomea ambacho kurasa zake za mwisho zilikwisha kutumika kuwashia moto, kwa hiyo hadithi nyingi za utotoni mwangu hazina mwisho mpaka leo. Penseli ilikatwa kati kwa wembe, nusu yako, nusu ya mwenzako wa dawatini. Nawaandikia wale tuliokua wakati sabuni ilipopangiwa foleni na sukari ikaingia nyumbani ndani ya kikaratasi kama dawa. Wadogo zetu wakisikia haya wanacheka, na siwalaumu.

Sofu, mtaa wetu pale Kibaha, wakati huo ilikuwa mikorosho na mihogo, nyumba moja hapa na nyingine ng'ambo ya bonde. Alfajiri tulikimbia mchakamchaka, kila mmoja na fagio lake la chelewa begani, vumbi likinuka umande. Jioni tulicheza kombolela na gololi, na tuliendesha magari ya waya ambayo magurudumu yake yalikatwa kwenye kandambili zilizochakaa. Mtoto aliyekata kandambili ambayo haijachakaa alisikika akilia hadi kituo cha mabasi cha Maili Moja. Mama yetu alikuwa na neno lake moja kwa kila mchezo tuliouanza: "Ulichokianza hapa ukimalizie hapa, usiniachie vipande." Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Mama alikuwa akifua na kupiga pasi katika nyumba ya mtaalamu mmoja wa kigeni aliyefundisha ufundi wa mashine pale Kibaha. Mtu huyo alikuwa na mazoea ambayo mama aliyaona ya ajabu kwa mtu mzima mwenye ndevu: alikaa mezani akiunganisha vindege vya plastiki. Vilikuja ndani ya maboksi, vipande vimeshikana kwenye vijiti kama majani kwenye kuti, naye alivikata kimoja kimoja na kuvigandisha kwa gundi. Mkataba wake ulipokwisha aliondoka na ndege zake zote. Mama aliachiwa pasi, mapazia mawili, na kopo la bati la biskuti lililojaa vipande vilivyobaki.

Ndani ya kopo lile hakukuwa na ndege hata moja. Kulikuwa na mabawa ya ndege tano tofauti, mikia mitatu, tumbo la ndege kubwa lisilo na pua, magurudumu madogo kama punje za mtama, kioo kimoja cha rubani chenye ufa, chupa ya gundi iliyobaki robo, na vijiti vitupu ambavyo mdogo wangu Mwanaidi aliviita mifupa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, yeye minane. Tulimwaga vyote mkekani, nikavipanga kwa aina zake, naye akavipangua kwa kuvipa majina.

Marubani walikuwa wawili, na hawakulingana. Mmoja alikuwa na urefu wa milimita ishirini na tano, mwingine kumi na saba. Nilidhani mdogo ni mtoto. Ilinichukua wiki nzima, nikisoma namba kwenye vipande vya boksi vilivyotandikwa ndani ya kopo, kuelewa kwamba wote ni watu wazima, ila kila mmoja alitoka kwenye ndege iliyopunguzwa kwa kiasi chake. Nilielewa hesabu za sehemu hapo mkekani kabla mwalimu hajazifikia ubaoni. Mwanaidi hakujali hesabu yangu. Alisema mrefu ni mimi, mfupi ni yeye, na jambo hilo likaisha.

Kwa kuwa vipande havikutosha kuwa ndege yoyote iliyokuwepo, tuliamua kuunda ambayo haijawahi kuwepo, ndege ya mwaka ambao haujafika. Tulikuwa bado tunabishana juu ya mkia baba alipougua. Aliugua siku tisa.

Baba alikuwa mtu wa Maneromango, wilaya ya Kisarawe, na huko ndiko tulikomzika. Baada ya arobaini wazee wa upande wake walikaa, wakamweleza mama kwa upole kwamba mwanamke mmoja anayefulia watu hawezi kulea wawili. Shangazi Tatu, dada yake baba, hakuwa na mtoto. Mvulana abaki Kibaha na shule yake, msichana aende kwa shangazi. Hakuna aliyegomba. Tuligawanywa kama penseli.

Usiku wa kuamkia safari nilivigawa vipande. Niliharakisha, na kuharakisha huko kutakuja kuonekana. Mimi nilibaki na kopo, yeye nikampa mfuniko, nikaufunga kwa kitambaa cha mama ukiwa na vipande vyake na rubani wake mfupi. Asubuhi pale Maili Moja alishika nguzo ya kibanda na hakutaka kuiachia. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alimwambia mama, "Mwache alie, wifi. Mtoto akilia huchoka, akichoka hulala." Mimi nilikuwa na haraka ya kumnyamazisha kwa sababu watu walikuwa wakitutazama. Nikamwinamia.

"Ndege ikikamilika utarudi," nikamwambia.

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Na mama?"

"Na mama."

Akaiachia nguzo. Mama alikuwa hatua tatu kutoka pale, akifunga mzigo, na hakuwa amesema lolote.

Ukitazama ramani, Kibaha na Kisarawe zimepakana. Lakini enzi hizo, kwa mtu asiye na gari, ilikuwa lazima uteremke hadi Dar es Salaam, ubadili gari, upande tena kwa njia ya Pugu hadi Kisarawe mjini, kisha ungoje lori la kwenda Maneromango, ambalo lilikuja lilipopenda. Ilikuwa safari ya siku nzima kwenda kwa jirani. Ndege yetu sasa ilikuwa na kazi, na kazi ndiyo huipa mashine umbo. Ilitakiwa ipite moja kwa moja juu ya msitu. Ilitakiwa inyanyuke wima, maana kwa shangazi hakukuwa na uwanja, ila nafasi kati ya jiko na mkorosho, hatua kumi na nne kwa miguu ya Mwanaidi. Haikutakiwa kutumia mafuta, kwa kuwa mafuta hayakupatikana, ingekula jua. Tuliiita Kibasara, kwa kuunganisha Kibaha na Kisarawe, na kwa muda fulani niliamini neno hilo litaingia kwenye vitabu.

Barua zetu zilibebwa na Mzee Kondo, mkulima wa Maneromango aliyekuja Maili Moja na machungwa yake karibu kila baada ya wiki mbili. Alizitia ndani ya kofia, akaivaa juu yake. Nikimsalimu shikamoo, aliitikia marahaba bila kunitazama, akavua kofia na kusema, "Chukua. Ndege gani hii inayosafiri kwa lori la machungwa?" Watu wa pale wakacheka, nami nikacheka pia ili asikasirike na kuacha kuzibeba.

Mimi niliunganisha tumbo, mkia na bawa la kushoto. Barua yangu ya kwanza, ambayo nakala yake niliiandika daftarini kwa sababu hata wakati huo nilikuwa mtu wa nakala, ilisema hivi: "Wewe utengeneze bawa la kulia. Liwe na urefu wa sentimita kumi na moja. Usilipake rangi kabla sijaliona." Nilimwagiza alilaze kwenye karatasi, alizungushie penseli, na anitumie mchoro.

Jibu lilikuja kwa herufi kubwa zilizopanda mlima kuelekea ukingo wa karatasi.

"Kaka shikamoo. Bawa la kulia limekwisha. Nimeweka kiti kimoja kwenye shimo. Mtu akitaka kulia atakaa huko asisumbue wenzake. Nimetoboa tundu kwa sindano ya moto ili maji yatoke. Shangazi hajambo. Mimi hulia uani."

Nilikasirika. Nataka niseme ukweli juu ya hilo: nilikasirika kwa sababu ya ufundi. Nilimwandikia kwamba kulia ni upande, ni ule mkono wa kulia chakula, na kila mtu anajua. Akanijibu kwamba kwa shangazi mkono wa kulia chakula unaitwa mkono wa kuume, na kwamba kulia ni kulia, hakuna kwingine. Ilikuwa kweli. Wazee wa kule walisema kuume na kushoto, na mtoto aliyetoka kushikilia nguzo akilia hakuwa na sababu ya kulisoma neno hilo vinginevyo.

Kisha nikautazama mchoro wake, nikaona jambo jingine. Lile shimo alilowekea kiti lilikuwa shimo la gurudumu, ambalo hukaa chini ya bawa. Yeye alikuwa nalo juu. Nililala kifudifudi mkekani nikigeuza karatasi huku na huku hadi nikapata jibu: bawa alilokuwa nalo lilikuwa la kushoto. Ukilipachika upande wa pili, tumbo lake huangalia mbinguni. Nilipochungulia ndani ya kopo langu, mabawa ya upande wa kulia yote yalikuwa humo. Katika haraka ile ya kugawa nilimpa ya kushoto matupu.

Kwa hiyo kosa la kwanza lilikuwa langu, na lilikuwa la kweli. Sikumwambia. Ningeweza kumpa Mzee Kondo bawa la upande unaotakiwa. Badala yake nilimwandikia Mwanaidi kwamba shina la bawa lake ni nene, alisugue kwenye jiwe milimita tatu.

Akalisugua. Akatuma mchoro mpya. Ulikuwa sawa kabisa.

Jioni hiyo mama alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Nilikaa karibu naye, nikamwambia kwamba ndege inakaribia kukamilika, na nikamuuliza tutamfuata Mwanaidi lini. Aliendelea kuchambua. Aliokota chuya moja, akaitupa, akaokota nyingine.

"Mwanaidi ni mtoto wa kule sasa," alisema mwishoni. "Usimwandikie mambo ya kurudi, baba. Utamtesa."

Aliniita baba, kama alivyoniita nilipokuwa na homa.

Mtu mwenye akili angemwandikia mdogo wake ukweli. Mimi nilifikiri kama fundi: ahadi ilisema ndege ikikamilika, basi isikamilike. Nikamwandikia kwamba ncha ya bawa imezidi milimita nne. Mara iliyofuata ukingo wa mbele haukunyooka. Kisha ncha tena. Kila baada ya wiki mbili, au tatu Mzee Kondo akichelewa, nilitafuta kosa kwenye mchoro usiokuwa na kosa, nikaliandika kwa milimita ili liaminike. Naye kila mara alijibu kwamba amesugua, na kwamba kiti hajakigusa.

Alikuja Sofu mara moja tu katika miaka ile, sikukuu ya Idi, na shangazi. Alikuwa na gauni jipya la rangi ya machungwa na nywele zilizosukwa mtindo wa kule. Alimpigia mama magoti, akamwamkia shikamoo, akakaa ukingoni mwa mkeka kama wakaavyo wageni. Mama alimpakulia pilau mara mbili, na mara zote mbili alisema ameshiba. Nilimwonyesha Kibasara ikiwa na bawa moja. Akaishika kwa mikono miwili, akauliza rubani mrefu yuko wapi, nikamwonyesha ndani. Nikamuuliza bawa lake.

"Nimeliacha nyumbani," akasema.

Hakuna aliyemsahihisha. Mama aliinuka kwenda kuangalia moto ambao haukuwa na tatizo lolote.

Baada ya hapo barua zilipungua. Nilikuwa darasa la saba, nina mtihani na ndevu nilizozisubiri, na niliona aibu kusimama Maili Moja kungoja karatasi ndani ya kofia. Barua yake ya mwisho nilipewa msimu wa machungwa ukiwa unaisha. Mwandiko ulikuwa umenyooka. Ilikuwa na mstari mmoja chini ya salamu: "Kaka, bado kuna kosa?"

Sikuijibu. Siku ile sikuwa na kosa la kubuni, na ukweli nao sikuuweza. Nilisema nitajibu Mzee Kondo akirudi. Msimu uliofuata alikuja mwanawe, ambaye hakuvaa kofia.

Sikuendelea na shule baada ya hapo. Nilichokijua baadaye nilikitafuta mwenyewe kwenye vitabu vikuukuu, nikawa fundi wa saa na redio hapo hapo Maili Moja, na sasa wa simu, kwa kuwa saa hakuna anayevaa kwa ajili ya kujua wakati. Mama tulimzika. Mwanaidi aliolewa Maneromango, akazaa, akawa mtu wa kuonana naye msibani. Tulisalimiana vizuri. Ndugu wengi wanaishi hivyo, na mtu wa nje haoni pengo.

Mwaka jana alifariki Shangazi Tatu. Nilikwenda kwenye arobaini yake nikiwa na kopo la biskuti ndani ya mkoba, Kibasara ikiwa humo, na sikumweleza mtu ni la nini. Watu walipokwisha kula na wanaume kuhamia kivulini, Mwanaidi aliniita nyuma ya jiko, mahali pale pa hatua kumi na nne, ambapo mkorosho haupo tena. Alikuwa amekwisha kuniona na mkoba. Aliingia ndani, akatoka na mfuniko umefungwa kwa kitambaa kile kile cha mama.

Bawa lilikuwa ndani. Nililitoa na, kwa mazoea, nikachomoa rula mfukoni. Sentimita tano na milimita sita. Lilipoanza lilikuwa kumi na moja. Kingo zake zilikuwa laini kama sabuni iliyokwisha kutumika. Katikati, pamoja na tundu lake la sindano, kiti kilikuwa kizima, na juu ya kiti amegandishwa rubani mfupi.

Nililiweka ubavuni mwa Kibasara. Halikukaribia kufaa.

"Dada," nikamwambia, "yale makosa hayakuwepo."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Ile mara ya ncha. Nilimpelekea mwalimu wa hesabu, akalipima, akasema mbona liko sawa."

"Sasa mbona uliendelea kusugua?"

Alikuwa akikung'uta unga kwenye kanga yake, na hakuacha kukung'uta. "Ningekwambia liko sawa, ungeandika nini tena?" Kisha, bila ukali, kama mtu anayetaja hali ya hewa, akaongeza, "Na bado uliacha."

Nilikaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Ndani watoto wake walikuwa wakigombania chaja. Baada ya muda nilimwomba bawa, nikamwambia nitalirefusha, siku hizi kuna gundi na plastiki za kila namna, nitalifanya lirudi kuwa kumi na moja. Akalichukua mkononi mwangu polepole, akalirudisha kwenye mfuniko.

"Hili liache, kaka. Bado nalitumia."

Nimerudi nalo neno hilo, na kopo langu. Siku hizi kutoka Sofu hadi kwake si safari ya kusimulia. Bodaboda wanakatiza njia ambazo sisi tulizichorea ndege. Treni ya umeme inapita Soga, huku huku kwetu Kibaha, kwa mwendo ambao hata Kibasara haikuahidiwa. Namba ya Mwanaidi ninayo. Ijumaa hunitumia picha ya maua yenye maneno ya heri, nami humtumia yangu, na hatuandikiani kitu. Enzi zile tulikuwa na kofia moja ya Mzee Kondo kwa wiki mbili nzima, na ilijaa. Nimesema kila mwezi kwamba nitakwenda, na njia ipo, na nauli ipo, na sijakwenda.

Vijana wanaoniletea simu zao wanaunda ndege kwenye kioo kwa dakika tano, zina mizinga na moto wa buluu. Ikianguka wanabonyeza mahali, inarudi nzima. Mmoja wao aliwahi kunieleza kwa huruma kwamba kule mtu habakiwi na vipande. Nikamwambia ana bahati, na kwa kweli nilimaanisha.

Kibasara iko juu ya meza yangu ya kazi, karibu na taa. Imelalia kushoto, maana uzito wote uko huko. Wanaiona wakati wanangoja, wanauliza, "Mzee, mbona hii ina bawa moja?" Nawajibu kwamba jingine liko Kisarawe kwa mdogo wangu. Ni la kulia. Basi wanainama, wanatazama upande wa kulia, wanaona kweli halipo, wanarudi kwenye simu zao.